Safari ya Kumpelekea Akko Watoto

Mwezi uliopita nilipitia Isiolo nikielekea Marsabit, na basi letu halikusimama hata kidogo. Liliteleza tu juu ya lami, likapita mahali ambapo zamani palikuwa na beria. Kama wewe ni mtu wa siku zile utaikumbuka: lile bomba la chuma lililoziba barabara mwisho wa mji, askari ameliegemea, na malori yamepanga foleni yakingoja yawe mengi ndipo yaruhusiwe kwenda kaskazini kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, kwa hofu ya majambazi. Kwetu sisi watoto wa mji ule, Kenya iliishia pale. Hata wazee walisema hivyo. Mgeni akifika kutoka Nairobi walimuuliza, "Kenya hawajambo?"

Nilichungulia dirishani nikitafuta hata alama ya bomba lile. Sikuona kitu. Kijana aliyekaa kando yangu hakuwa amewahi kulisikia. Ndipo nilipoikumbuka siku niliyolivuka mara ya kwanza, nikiwa msichana wa miaka tisa, juu ya lori, naenda nchi ya nje.

Usicheke. Ethiopia ni nchi ya nje. Mama alizaliwa huko, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Moyale, akaolewa na baba yangu akaja Isiolo akiwa kigoli. Tangu hapo hakuwa amerudi kwao. Mama yake tulimwita akko, jinsi Waborana wanavyomwita bibi, lakini kwetu lilikuwa jina la mtu tusiyemjua sura. Habari zake zilitufikia kwa vinywa vya madereva wa malori. Halafu mwaka mmoja, mwanzoni mwa miaka ya themanini, dereva mmoja mzee aliyezoea kunywa chai kwetu alivua viatu mlangoni, akaingia, akasema kabla hata ya kukaa:

"Mama yako anasema macho yanafunga. Anasema umletee watoto awaone kabla hayajafunga kabisa."

Baba alikuwa malishoni Kulamawe na ng'ombe, na ule ulikuwa msimu ambao mtu hawaachi ng'ombe wake. Alituma neno moja tu: "Nenda." Basi mama akaamua kwenda peke yake na watoto watatu: mimi, dada yangu wa miaka minne, na mdogo wetu wa kiume aliyekuwa na miezi minane na ndiyo kwanza anaota meno.

Matayarisho yalichukua muda mrefu kuliko safari. Kwanza chanjo. Tulidungwa sindano hata tusijue ni za nini, kila mmoja akapewa kijitabu cha njano, na mikono ikavimba tukashindwa kulala ubavu wa kushoto. Kisha mama akaenda ofisini siku tatu mfululizo mpaka akapata kibali, karatasi moja yenye jina lake na chini yake maneno "pamoja na watoto watatu". Aliikunja akaifunga kwenye pindo la leso yake. Jirani yetu, mama wa Kimeru aliyeuza ndizi sokoni, alituletea ndimu tano. "Mtoto akitaka kutapika, mnusishe," alimwambia mama. "Na wewe mwenyewe unuse, usijifanye chuma." Mama alikaanga nyirinyiri, ile nyama ya vipande vidogo inayokaa kwenye samli hata mwezi bila kuharibika, akajaza kopo zima. Nami nilipoomba ruhusa shuleni, mwalimu aliniangalia akasema, "Haya. Lakini ukirudi utasimama mbele ya darasa utuambie nchi ya nje inafanana vipi."

Maneno yale yaliniingia kichwani kama homa. Niliapa sitapitwa na kitu.

Tulipanda lori lililobeba magunia ya sukari na maharagwe. Mbele kwa dereva palikuwa pamejaa, kwa hiyo sisi tulikaa juu ya magunia, na mama alimfunga dada yangu kiunoni kwa leso, ncha ya pili akaifunga kwenye kamba ya turubai. Dada alilia mpaka Archer's Post, si kwa woga, ila kwa hasira ya kufungwa kama mbuzi. Alipochoka kulia alianza kuuliza. Kila tulipopanda kilima aliuliza, "Hii ndiyo nje?" Mama akajibu, "Bado." Kilima kingine. "Na hii?" "Bado, mama, bado."

Wewe unayesafiri siku hizi na nepi za kutupa hujui. Mama alikuwa na nepi sita za kitambaa. Alizisuuza kwa maji kidogo tuliyoyabeba kwenye mtungi, akazifunga kwenye bomba la lori, na upepo ukazikausha kabla hujamaliza kula andazi. Ila zilikauka zikiwa nyekundu kwa vumbi, ngumu kama ngozi. Moja ilichomoka ikaruka. Tuliitazama ikienda zake kule jangwani, na mama akasema, "Imekuwa ya mbweha." Hiyo ndiyo mara pekee aliyocheka siku ile.

Tulilala Marsabit kwa ndugu wa baba. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata dada aliukamata kwa mikono akishangaa haukai ngumini. Kisha tukateremka kwenye Dida Galgalu, na pale hakuna mti. Ni mawe meusi tu mpaka macho yanachoka. Mdogo wetu alipata joto la mwili, meno na jua pamoja, akakataa kunyonya. Mama alimfunika kwa leso iliyoloweshwa. Maji yalipobaki ya kikombe kimoja aliniangalia, nikajua anataka kuniuliza kama nina kiu, nami nikatikisa kichwa kabla hajauliza. Kila lori liliposimama tushuke kujisaidia, mama alituhesabu kwa sauti tukipanda tena: mmoja, wawili, watatu. Alasiri mtoto akashika ziwa, akanyonya. Mama alifumba macho akasema alhamdulillahi mara nyingi, polepole.

Moyale ilitupokea kwa baridi na udongo mwekundu. Dada alikuwa na michirizi miwili safi usoni, pale machozi yalipopita. Tulishuka kwenye ofisi ya mpaka, banda la mabati juu ya mteremko. Mbele yetu palikuwa na korongo dogo, daraja fupi, na ng'ambo ya daraja banda jingine lililofanana na hili. "Ile kule ndiyo nje," mama akamwambia dada, kisha akaniambia mimi, "Mshike mkono. Usimwachilie." Akaingia kwenye foleni, mtoto mgongoni.

Nilimshika. Naapa nilimshika. Lakini lori letu lilikuwa limeruhusiwa kutangulia, nami nikalifuata kwa macho, na lilipomaliza daraja nikaona jambo ambalo sikulitarajia. Liliacha upande wa kushoto wa barabara likahamia kulia. Nilidhani dereva amelewa. Kisha likaja lori jingine kutoka kule, nalo lilikuwa kulia kwake, na lilipofika kwetu likahamia kushoto. Yalipishana namna hiyo, moja baada ya jingine, bila kugongana! Nilitaka kujua nani amewaambia, na ni hatua ipi hasa ambapo kulia kunageuka kuwa halali. Nilihesabu malori manne.

"Mama," nikasikia sauti ya askari, "karatasi inasema watoto watatu. Mimi naona wawili."

Mama aligeuka. Mkono wangu ulikuwa mtupu.

Sitasahau uso wake. Hakunipiga, hakunifokea. Aliita jina la dada mara moja, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Watu wakaanza kuangalia chini ya malori. Mimi nilikimbia nyuma ya banda, nikachungulia korongoni, nikarudi. Ni mwanamke mmoja mwenye mzigo wa kuni aliyeonyesha kwa kidevu. "Si yule pale?"

Dada alikuwa Ethiopia. Alikuwa amevuka na kundi la wanawake waliotoka sokoni, na sasa amekaa kwenye benchi la banda la ng'ambo, miguu inaning'inia, anakula kitu.

Mama alianza kuteremka. Askari akamzuia kwa mkono. "Mama, ngoja kwanza. Bado sijakupigia muhuri."

"Mtoto wangu yuko kule na wewe unaniambia muhuri?"

"Ukienda bila muhuri, wale hawatakupokea, na mimi siwezi kukurudisha. Utakuwa wa nani?" Alikuwa kijana, nadhani naye alikuwa baba. Alifikiri kidogo, kisha akatoka, akaweka mikono mdomoni akapiga kelele kwa Kiborana kibovu: "Ndugu! Huyo mtoto ni wetu!"

Afisa wa ng'ambo, mzee mwenye koti refu, alisimama. Akamshika dada mkono akamleta mpaka katikati ya daraja. Hapo akasimama. Askari wetu naye akaenda mpaka katikati, akasimama. Kila mmoja alikuwa mwisho wa nchi yake, na dada yangu katikati, anatafuna injera, ule mkate laini wa kwao kama chapati.

"Unatoka wapi?" yule mzee akamuuliza, kwa sauti ya ofisini.

"Isiolo."

"Na unaenda wapi?"

"Kwa akko."

Mzee akamwangalia askari wetu. "Mbona majibu yake yote ni sawa?" Watu wakaangua kicheko, isipokuwa mama na mimi. Askari alirudi mbio, akapiga muhuri bila hata kusoma, tukavuka. Mama alimnyanyua dada kwa mkono mmoja, akamkandamiza kifuani mpaka dada akalalamika kwamba injera inapondeka.

Katika banda la ng'ambo mzee alifungua daftari kubwa ili atuandike. Nilikuwa nalia, lakini naona haya kusema kwamba hata kilio hakikufunga macho yangu. Niliisoma tarehe aliyoandika juu ya ukurasa, na mwaka wake ulikuwa nyuma ya wetu kwa miaka karibu minane. Nilidhani amekosea. Nikamwambia. Akatabasamu akanieleza kwamba huko kwao kalenda ni nyingine, miaka yao inakuja nyuma ya yetu, wala hawana haraka. Nikapiga hesabu kwa vidole.

"Basi huku dada yangu hajazaliwa," nikasema.

Mzee aliweka kalamu chini. Akaiangalia hesabu yangu, akamwangalia dada. "Kama hajazaliwa," akasema, "basi hajavunja sheria yoyote." Hapo mama akacheka. Akacheka huku machozi yanamtoka, nami nikajua nimesamehewa, ingawa mimi mwenyewe sijajisamehe mpaka leo.

Kwa akko tulifika kesho yake, jua likiwa limesimama. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyomtarajia. Hakutukumbatia kwanza. Alimwambia mama atutoe nje ya nyumba, atusimamishe mbele ya jua, mmoja mmoja. Akaja karibu mpaka pumzi yake, yenye harufu ya buna, zile punje za kahawa zilizokaangwa kwa samli, ikanigusa. Jicho moja lilikuwa jeupe kabisa. Kwa lile jingine alinitazama muda mrefu, akaligeuza kama mtu anayetazama ndani ya kisima, kisha akanipapasa paji la uso, pua, na masikio. Alifanya hivyo kwa dada, akafanya kwa mtoto. Mwisho akamgeukia mama, mwanawe ambaye hakuwa amemwona kwa miaka yote ile, na mama, yule aliyevuka mawe meusi bila kulalamika, alipiga magoti akaweka uso wake kwenye mikono ya akko kama mtoto aliyetumwa dukani akapotea njia.

Tulikaa wiki tatu. Nilikunywa maziwa yenye harufu ya moshi wa kibuyu, nikala buna kwa mkono, na jioni nilimsimulia akko rangi ya kila ng'ombe aliyerudi, kwa kuwa alitaka kujua na mimi nilipenda kuulizwa.

Hatukurudi tena. Ukame, shule, mambo ya mpakani. Kila mwaka ulikuwa na sababu yake. Leo safari ile ni ya siku moja, na mtu wa Moyale akiugua, Isiolo wanajua kabla hajamaliza kukohoa. Lakini hakuna tena dereva anayevua viatu mlangoni akiwa amebeba maneno ya mama wa mtu kifuani kwa siku mbili asiyapunguze wala kuyaongeza.

Ni yule yule dereva mzee aliyetuletea habari ya kifo cha akko, miaka miwili baadaye. Mama alikuwa anapepeta mchele. Aliuweka ungo chini, akasema innalillahi. Kisha akauliza jambo moja tu: "Mpaka mwisho, alikuwa anaona?"

Dereva alifikiri kwa uaminifu. Akasema hajui, hakuna aliyemwambia.

Mama akaitikia kwa kichwa. Akainuka akamtilia chai, akamuuliza habari za barabara, na mvua kama imefika Turbi, na ng'ombe wa kule wanauzwaje, na mzee akajibu yote, moja baada ya jingine, mpaka chai ikaisha.