Nyumba Iliyosiribwa Nusu

Krismasi ile nyumba yetu katika mtaa wa Hai Mauna ilisiribwa nusu tu. Upande wa kushoto ulikuwa na udongo mpya, laini, uliopakwa chokaa hadi chini ya paa. Upande wa kulia ulibaki na nyufa za mwaka uliopita. Mpaka wa pande hizo mbili ulishuka wima katikati ya ukuta wa mbele, na wapita njia walisimama kuutazama.

Katika mtaa wetu, kila Desemba wanawake huchanganya udongo na samadi wakasiriba kuta, kisha watu wakachora maua na misalaba. Mtoto anazaliwa, na nyumba lazima ionyeshe kwamba inamngoja. Inayosamehewa ni nyumba yenye msiba. Watu wakiona ukuta wa zamani siku ya Krismasi, hupunguza sauti wanapopita.

Sisi hatukujua kama tuna msiba. Mwezi wa saba, vita viliporudi mjini, kaka yangu alikuwa ameondoka asubuhi kwenda uwanja wa ndege, alikokuwa akipakia mizigo. Hakurudi. Hatukuona maiti wala hatukupata simu. Mtu mmoja alisema alimwona juu ya lori la kwenda Nimule, mpakani. Mwingine alisema lori lile lilibeba wanawake na watoto tu. Niliyaandika maneno yote mawili.

Wiki mbili kabla ya sikukuu alikuja shangazi, dada yake marehemu baba. Alitaka tufanye karama, yaani chakula cha kumaliza matanga, ili mwaka usiishe na jambo hilo likining'inia.

"Wifi, tumwombee apumzike," alimwambia mama. "Miezi mitano sasa."

"Nani kakuambia amechoka?"

Shangazi alicheka bila kutaka, kisha akakasirika kwa sababu alicheka, akaondoka.

Kesho yake mama alinichukua twende soko la Custom kununua chokaa. Muuzaji, Mganda mmoja, alitufahamu tangu tuliporudi kutoka uhamishoni kwao.

"Mama, mwaka jana wewe nachukua mifuko mbili."

"Mwaka huu mmoja."

"Nyumba imekuwa ndogo?"

"Nyumba ni ile ile. Wapakaji ndio wamepungua. Lete mfuko, wacha maneno."

Mama alisiriba siku tatu, akakoma pale chumba cha kaka kinapoanzia. Upande ule kaka ndiye aliyeusiriba miaka yote, na ndiye aliyechora juu yake. Alichora zizi la Bethlehemu lenye ng'ombe wa kwetu, pembe ndefu kama matawi, na katikati hori dogo kuliko kichwa cha ng'ombe. "Mtoto wako ataliwa pamoja na nyasi zake," tulikuwa tukimtania, naye akijibu kwamba ng'ombe wake wameshiba. Mchoro wa mwaka uliopita ulikuwa umefutwa na mvua. Ilibaki pembe moja. Nilipokuwa peke yangu uani nilisimama mbele yake nikitamani mtu wa kumtania.

Shangazi aliporudi siku moja kabla ya sikukuu, alisimama langoni mikono kiunoni.

"Sasa hii ni nini? Sikukuu au msiba? Watu wananiuliza mimi."

"Waambie upande wangu nimemaliza. Ule ni wake, atausiriba mwenyewe."

"Na asipokuja?"

"Basi ukuta utangoja," mama alisema, akaendelea kunawa udongo mikononi.

Asubuhi ya Krismasi waimbaji wa kanisa walipita mtaani na ngoma, wakisimama kila lango kama desturi. Kwenye nyumba za furaha hupiga ngoma na kucheza. Kwenye nyumba za msiba huziweka ngoma chini, wakapiga magoti na kuomba kimya. Walipofika kwetu wimbo ulikatika. Waliutazama ukuta, kushoto, kisha kulia. Katekista, mzee aliyetufundisha sala, akamsogelea mama.

"Mama, tupige ngoma au tupige magoti?"

Shangazi alikuwa kando yake, macho chini. Mama akamgeukia katekista.

"Wachungaji walipoimbiwa na malaika," alisema, "walikuwa wameona nini? Usiku na kondoo. Waliimbiwa kwanza, ndipo wakaenda kuona. Pigeni."

Wakapiga. Mama hakucheza. Aliweka kiganja juu ya ukuta wenye nyufa akakiacha pale mpaka wimbo ukaisha. Habari ile niliisikia kila mwaka, na siku zote nilidhani furaha ilianzia horini. Kumbe ilianzia kondeni, kwa watu waliokuwa bado hawajaona kitu.

Shangazi aliimba ubeti wa mwisho kwa sauti iliyopasuka. Waimbaji walipoondoka, alijifuta uso kwa kitenge.

"Haya, tumeimbiwa," alisema, akinitazama mimi. "Sasa mtu aende akaone. Karama itangoja."

Siku ya tatu nilikwenda uwanja wa ndege. Mlinzi wa lango la mizigo aliniruhusu kutazama daftari la wafanyakazi la asubuhi ile ya mwezi wa saba. Jina la kaka lilikuwepo, kwa mwandiko wake, pamoja na saa ya kuingia. Mahali pa saa ya kutoka palikuwa patupu. Nikapitisha kidole kwenye mistari yote ya ukurasa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameandika saa ya kutoka. Wawili kati yao nilikuwa nimewaona Custom mwezi uliotangulia, wakiuza vitunguu. Mmoja tulikuwa tumemzika.