Nimepigia matumbawe vigelegele

Leo nimeshangilia ugonjwa, tena kwa vigelegele!

Munajua mutoto wangu Mwansa, anayefanya kazi ya bahari kule Tanzania? (Kama hamumujui, basi sijajisifu vya kutosha.) Anapanda matumbawe chini ya maji, yale kama miti ya mawe, samaki wanazalia ndani.

Asubuhi tunaanika chisense, dagaa wa ziwa letu, hapa Nchelenge, akanipigia kwa video kutuonyesha picha za shamba lake. Nikageuzia bamama wote telefone.

Matumbawe meupe pee!

Sisi chisense ikiwa nyeupe, imekauka vizuri, wateja wa Congo wanaikimbilia. Nikapiga vigelegele. Bamama wakaitikia.

Mwansa akatukatiza:

"Mama, yakiwa meupe yanaugua. Maji yamepata moto, matumbawe yametapika vimajani vya ndani vinavyoyalisha."

Mama Kabedi, mteja wangu wa Pweto, akadakia: "Eh mutoto, jiwe nalo linagonjwa?"

"Si jiwe, mama. Ni vinyama vidogo, vina njaa. Maji yakipoa haraka, vitapona."

Tukaacha chisense, tukasali, tukaombea baridi bahari ambayo hatujaiona.

Basi leo musiniandikie félicitations, zile pongezi. Andikeni tu: baridi.