Nafasi Kando ya Kaburi la Mama

Wifi yangu Kokushubira ni mtu wa kufunga mzigo kabla safari haijapangwa. Subira yavuta heri, husema watu, lakini yeye hakuzaliwa nayo. Ndiyo maana mwaka juzi, hapa Ihanda, alianza kujizika akiwa mzima.

Tumbo lilikuwa limemsumbua miezi mitano, nikampeleka hospitali. Picha ikaonyesha uvimbe kwenye ovari, damu ikapimwa. Daktari akasema kipimo cha dalili za saratani kimesoma mia na themanini, wakati kawaida hakizidi thelathini na tano. Akaeleza kwamba namba hiyo peke yake haitoshi, hata uvimbe usio na madhara huipandisha, jibu la hakika litapatikana baada ya upasuaji. Wifi hakuyasikia hayo. Nami, nakiri, sikuyasikia.

Kwetu mtu huzikwa kibanjani, kwenye migomba yake. Tulipofika nyumbani alinivuta moja kwa moja hadi kwenye kaburi la mama yangu.

"Wifi Placida, mimi nataka hapa. Mama mkwe alinipenda."

Palikuwa na migomba mitatu, mmoja una mkungu mchanga. Mwenye akili timamu hakati mkungu mchanga. Sisi tuliukata, tukang'oa na visiki. Panga lilikuwa langu.

Kaka yangu Gosbert, mumewe, alirudi kutoka Kayanga akaona pale palivyo peupe, akaelewa. Hata kwenye msiba wa mama hakulia vile.

"Placida, umemwandalia mke wangu kaburi?"

Nilijichukia.

Wifi akapasuliwa. Uvimbe ulikuwa umejaa damu nzito ya kahawia. Wakautoa wote, na kipande kikapelekwa Mwanza kupimwa. Tulingoja siku kumi na tisa, na siku zote hizo Gosbert hakukanyaga kibanjani.

Majibu yalipofika daktari alimsomea wifi polepole. "Si saratani, mama. Uvimbe huu wenyewe ndio uliokuwa unaipandisha namba."

"Rudia, daktari."

Akarudia. Mara ya tatu alirudia bila kuombwa, maana alituona bado tunamkazia macho. Mungu ambariki mtu yule. Kila Jumapili namtaja kanisani, na jina lake hata silijui vizuri.

Kidonda kilipopona, Kokushubira alipanda chipukizi la mgomba palepale tulipong'oa. Wiki iliyopita mkungu wake ulikomaa. Gosbert alinyoosha mkono achukue panga, wifi akamzuia, akanikabidhi mimi.

"Kata, wifi. Huu umekomaa."

Machozi yalinizuia kuona shina, ikabidi kaka anishikie mkungu. Kokushubira aliumenya mwenyewe, akaupika na maharage, akatupakulia, kisha akaketi kati yetu akala kuliko sisi sote.