Dawa ya Kumtuliza Watasema

Wiki iliyopita mdogo wangu alinituma dawa. Yeye anakaa Mingoyo, mimi Lindi mjini, na akanipigia simu saa za asubuhi: "Dada, mbwa wangu ananigombanisha na majirani. Kila jioni anabweka kama kaona shetani. Hebu ninunulie vile vidonge vya kumtuliza." Nikaenda duka la dawa za mifugo. Muuzaji, kijana mwenye adabu zake, akanifungia vidonge vyeupe kwenye bahasha na kuniambia, "Mama, kimoja tu jioni, atalala fofofo." Nikakaa kwenye benchi pamoja na watu waliofuata chanjo ya kuku, na nilipoinuka niliiacha ile bahasha palepale juu ya meza. Kaa kidogo, rafiki yangu, nikueleze kwa nini. Hili nilikuwa sijamwambia mtu tangu utoto, si marehemu mume wangu, wala huyo mdogo wangu mwenyewe.

Nililelewa na babu na bibi, shambani, bara kidogo ya Tingi. Nyumba yetu ilikuwa peke yake katikati ya mikorosho, na ukitaka jirani akusikie ulipiga mbinja. Msimu wa korosho mabibo yalioza chini mpaka hewa yote ikawa tamu na chachu, na bibi alibangua korosho juu ya bati la moto huku moshi wake ukitutoa machozi. Kazi yangu ilikuwa kufukuza ngedere, na nilikuwa mvivu, nasema ukweli. Ndiyo maana babu alileta mbwa.

Sisi ni Waislamu, na mbwa kwetu hakuwa wa kupapaswa. Alikuwa na kifuu chake cha kulia kilichokaa nje, na akikulamba unaosha mkono mara saba, moja kwa udongo, bibi kasimama anahesabu. Lakini bila mbwa huvuni. Babu alimwita Watasema, kijembe kwa wale waliomsema kwamba mtu wa msikitini hafugi mbwa.

Huyo Watasema alikuwa mpole mno. Ngedere walivunja mahindi mbele yake, naye anawatazama kama wageni wa harusi. Babu akasema atamtengenezea dawa ya ukali, kama walivyofanya wawindaji wote wa kwetu. Alitungua nyumba ya nyigu pamoja na nyigu wenyewe, akaichoma, akaisaga na pilipili kichaa, akaitia kwenye uji wa mtama. Kukoroga alinipa mimi. "Koroga wewe, mke wangu," alisema, maana mimi nilikuwa mke wake mdogo na bibi aliniita mke mwenzake, utani wa wajukuu. "Mkono wangu umezeeka, mbwa atarithi uzee." Nikakoroga alfajiri tatu huku napiga chafya. Mwezi haukuisha, Watasema akawa hapitiki. Hata bibi alikuwa akimtaja jina kwanza akiwa bado mbali na uwanja.

Babu alifariki mwaka uliofuata. Haikupita muda, ikaja operesheni ya kuhamia vijijini. Lori la serikali lilitupakia sisi, kitanda, kinu na kuku, na mbwa akatufuata mbio nyuma ya vumbi mpaka barabarani. Kijiji kipya kilipimwa kwa kamba, nyumba mstari kwa mstari. Mstari wetu ulikuwa wa mwisho, nyuma yake pori. Sisi tuliozoea kupiga mbinja sasa tulisikia jirani akikohoa.

Jirani yetu alikuwa mjane kijana aliyetokea Pande, mcheshi, mwenye mtoto mmoja wa kiume wa miaka mitatu hivi. Alitwanga kwenye kinu chetu na bibi aliota moto wake. Nilimpenda mama yule. Alinisuka nywele bila kuniumiza, jambo ambalo bibi hakuliweza.

Siku moja mtoto wake alifuata kifuu cha mbwa, na Watasema akamng'ata mguu. Kidonda hakikuwa kikubwa, lakini kilifikishwa kwenye mkutano. Mama yule hakupiga kelele. "Mimi sitaki damu ya mbwa," alisema. "Nataka mwanangu atembee uani kwake." Mwenyekiti wa kijiji akatoa hukumu: wiki moja. Mbwa asipotulia, mgambo atampiga gobole. Nililia siku nzima. Watasema ndiye aliyekuwa masalio ya babu, na mimi ndiye niliyemkorogea ukali.

Bibi akamwita fundi, mzee mwindaji wa Pande aliyejua dawa za mbwa, za ukali na za upole. Alikuja kwa miguu, akamtazama Watasema kwa muda mrefu, kisha akauliza nani alikoroga dawa ya kwanza. Nikaonyesha kidole changu mwenyewe.

"Basi wewe ndiye utakayempa na hii," alisema. "Mkono uliotia ukali ndio utakaoutoa. Mwingine haukubaliwi." Akanipa kibuyu kidogo cha unga wa mizizi. Ncha za vidole viwili, kwenye chakula, asubuhi tu. "Jioni mwachie akili zake, mjukuu wangu. Mbwa aliyelewa jioni ni mkeka."

Dawa ilifanya kazi. Asubuhi nzima Watasema alilala kivulini, ute unamtoka, mtoto wa jirani akipita mbele yake bila woga. Lakini ikifika alasiri dawa ilimtoka. Alisimama, akageukia pori, akabweka, manyoya ya shingoni yamesimama, hasogei mbele wala nyuma. Akabweka mpaka giza, siku ya pili vilevile, na ya tatu. Majirani wakasema nyigu wamempanda kichwani. Wengine wakasema analilia mahame, kule tulikotoka. Bibi naye aliamini hivyo, ila jioni moja alitazama shamba la muhogo akasema, "Nguruwe wamekwenda wapi wiki hii?" Tulikuwa tumefurahi kwamba hawaji.

Siku ya sita, baada ya alasiri, mwenyekiti alipita na mgambo wake. Watasema alikuwa anabweka mpaka sauti imekauka. "Kesho," mwenyekiti aliniambia, bila ukali, kama mtu anayetaja siku ya gulio. Bibi alikuwa bado shamba la ujamaa. Nikaingia ndani nikatoa kibuyu. Sikuchukua ncha za vidole viwili. Nilichukua vidole vitatu, nikarudia, nikakanda kwenye bonge la ugali na dagaa. Watasema aliacha kubweka, akala mkononi kwangu, akageuza kichwa tena porini, kisha miguu ya nyuma ikamlegea. Nilifurahi, ndugu yangu. Wallahi nilifurahi.

Jioni ile ilikuwa kimya. Hata kuku waliingia mapema bila kufukuzwa. Mama jirani alikuja na mwanawe na sahani ya mihogo ya nazi, sahani ya bati yenye ua jekundu katikati. "Leo masikio yamepumzika," alisema akicheka. "Hii ni shukrani, na mpeni pole mbwa wenu." Tukala, mtoto akilamba nazi vidoleni. Adhana ya magharibi ilikuwa inaadhiniwa aliposema amesahau kuni zake nyuma ya nyumba. "Nishikie mtoto," akaniambia, akampita Watasema pale alipolala, akazunguka ukuta.

Nilisikia kishindo kama gunia la mtama limeanguka. Kisha sauti yake ikamwita bibi, mara moja tu. Bibi alimnyakua mtoto, akatusukuma ndani, akapiga yowe, na wanaume wakaja na mapanga na madebe. Walipata khanga yake kwenye ukingo wa pori. Yaliyobaki walipata asubuhi, bibi akanifunika uso nisione. Watu wa kwetu hawalitaji jina la yule mnyama jua likishazama, kwa hiyo usiku wote walisema "mkubwa" tu, mkubwa amepita. Watasema alikuwa palepale, amelala, watu wakimruka.

Kesho yake mgambo hakuja. Jioni mbwa alibweka tena, na mstari mzima ukaingia ndani ukafunga milango. Hakuna aliyesema anyamazishwe. Askari wa wanyamapori walimuua mnyama yule baada ya siku chache, lakini watu hawakuridhika. Walisema simba yule ametumwa, na wakamtafuta aliyemtuma. Wakamkuta fundi. Dawa yake, walisema, ndiyo iliyofungua njia. Yule mzee alizuiwa kukanyaga kijijini kwetu, naye alikuwa amesema asubuhi tu, nami nilisikia kwa masikio yangu, nikanyamaza.

Bibi alikitikisa kile kibuyu siku moja. Kilikuwa chepesi. Akanitazama, akakitupa chooni, kisha akasema taratibu, "Mke mwenzangu, mengine huoshwa mara saba na hayatoki." Hakulirudia tena mpaka anakufa. Yule mtoto wa jirani bibi alimchukua, akamlea kama wake. Huyo ndiye mdogo wangu wa Mingoyo. Mguuni bado ana alama ya meno. Watasema mwenyewe alitoroka kabla ya masika, nadhani alirudi mahame, hatukumwona tena.

Sahani ilibaki kwetu. Unajua mila yetu, sahani ya jirani hairudishwi tupu. Bibi hakuona cha kuitilia wala pa kuirudisha, nami nikairithi, nikaificha kabatini nyuma ya vikombe vya wageni.

Siku hizi lile pori halipo, ni mikorosho na nyumba za bati mpaka mbali. Mabibo bado yanaoza kila msimu, harufu ni ileile. Dawa ya nyigu hakuna anayeijua. Fundi alikufa na mizizi yake, na jina lake halijasafishwa. Hilo linaniuma kuliko nilivyodhani lingeniuma.

Juzi nilipika mihogo ya nazi, nikaitia kwenye sahani ile, nikaifunika kawa, nikapanda basi kwenda Mingoyo. Ilikuwa alasiri. Mbwa wake amesimama uani, anabweka kuelekea mikorosho.

"Vidonge, dada?"

"Sikununua."

Akacheka, akapokea chakula, akafunua. "Sahani ya kizamani hii. Ya bibi?"

"Ya mama yako," nilisema.

Akaishika kwa mikono miwili. Mbwa aliendelea kubweka, naye akataka kuinuka amnyamazishe. Nikamvuta mkono, nikamwambia amwache, akae chini.