Kitanda Chenye Miti Mirefu

Kitanda chetu kilikuwa hakilali nyumbani. Leo nasema hivyo nikicheka, lakini wakati ule nilinuna kweli. Mume wangu Yona alikitengeneza kwa mikono yake kabla hajanioa, akakisuka kwa kanda za ngozi ya ng'ombe, na kwa haraka zake akaiacha ile miti miwili ya ubavuni mirefu kupita kiasi. Ilichomoza mbele na nyuma, na miundi yangu ilijaa makovu kwa ajili yake. Kila nilipojigonga alisema, "Kesho nakata, Mama Rehema." Rehema, binti yetu, akazaliwa, akaota meno, akaanza kukimbia, na miti haijakatwa.

Ubaya huo ndio uliokipa kitanda sifa kwa wengine. Watu wanne waliweza kuinyanyua miti ile na kuiweka begani bila kutafuta magongo wala kufunga kamba. Zahanati ilikuwa na machela moja ya turubai, ila turubai lilikuwa limeoza, akipakiwa mtu mzito linachanika. Kwa hiyo Chisima nzima, kijiji chetu cha bondeni mashariki ya Dodoma, ikipata mgonjwa wa kubeba ilikuja kubisha hodi kwetu. Mama mwenye uchungu, mzee aliyeanguka kutoka juu ya paa la tembe lake, kijana aliyeumwa na nyoka, wote walilala kwenye kitanda changu cha ndoa kabla ya kufika hospitali ya misheni. Sisi tulilala chini kwenye ngozi. Nikilalamika, Yona ananiambia nijivune, maana hakuna mwanamke mwingine mwenye kitanda kilichotembea kama changu.

Kubeba kulikuwa na taratibu zake. Tulikibeba hadi mpaka wa kijiji, wenyeji wa kijiji cha pili wakapokea na kukimbia nacho hadi mpaka wao, hivyo hivyo mpaka hospitali. Hakuna aliyeombwa. Ukiona kitanda kinakuja, unaacha jembe. Na mgonjwa alitangulizwa kichwa. Aliyetangulizwa miguu ni maiti. Mtu akiwa mbali shambani alijua kama akimbie kupokea au avue kofia, kwa sababu anayepokea mgonjwa hukimbia, na anayepokea maiti hana haraka. Huwakalisha wabebaji kivulini, huwapa maji, huuliza ukoo wa marehemu, ndipo safari iendelee.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Sabuni na sukari zilikuwa zimerudi madukani, mitumba imefika mpaka mnadani kwetu, na wanunuzi binafsi walikuja na malori kuchukua ng'ombe. Tulifurahi. Ila ng'ombe akishapata soko zuri kila mtu anamtaka, hata asiyemfuga. Tukaanza kusikia habari za watu wenye bunduki, na kwamba bunduki zenyewe zimevuka mipaka kutoka nchi zenye vita. Waliswaga ng'ombe wa kijiji cha mbali, kisha cha karibu, kisha wakaua watu. Wanaume wetu wakajiunga na sungusungu, wakawa wanachunga kwa zamu na mikuki na pinde. Kila mtu alimsingizia jirani wa kabila lingine. Mimi sura zao sikuziona, na nimekataa hadi leo kumtaja mtu nisiyemwona.

Asubuhi ya siku ile Yona alikula ugali wa uwele na mlenda, akasema mlenda una mchanga. Nikamwambia amalize tu, mchanga ndio unaompa uzito. Akacheka, akaenda kunywesha ng'ombe kwenye visima vya korongoni, tulivyochimba katika mchanga wa mto uliokauka. Jua lilipopanda nikamfuata na ndoo yangu. Alikuwa zamu na rafiki yake Amosi, aliyewahi kuwa jeshini.

Nilikuwa nimeinama kisimani nachota kwa kata niliposikia mlio. Nilidhani tawi limevunjika.

Mlio wa pili haukuwa wa tawi.

Amosi alinivuta kwa kanga yangu, akanibwaga chini ya ukingo wa korongo. "Lala, shemeji."

Nililala. Mchanga ulinijaa mdomoni. Ng'ombe walipita wakikimbia, karibu kunikanyaga kichwa, na vumbi likafunika kila kitu.

Nilimwita Yona.

Kisha kukawa kimya. Ng'ombe walikuwa wamekwenda, na waliowachukua wamekwenda nao. Vumbi lilipotulia nilimwona Yona amekaa mchangani, ameshika paja kwa mikono miwili, analitazama kwa mshangao kama mtu aliyechanikiwa suruali mpya.

"Mama Rehema," akasema, "sasa leta kitanda."

Nilikimbia kama sijawahi kukimbia. Niliporudi na wanaume na kitanda, Amosi alikuwa ameshalifunga lile paja kwa kanga niliyomwachia. Damu ilipungua, haikukoma. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya kilima, na njia ilipita kijiji cha Mahuli, kilicho juu kabisa mgongoni mwa kilima hicho. Wanaume walikuwa tayari wamemlaza Yona kichwa mbele Amosi alipowasimamisha.

"Tunapanda mlima," alisema. "Kichwa kikitangulia, damu yote itashukia kwenye jeraha. Mgeuzeni. Miguu ndiyo itangulie, iwe juu."

Hakuna aliyebisha. Amosi alikuwa ameshaona watu waliopigwa risasi, sisi hatukuwa tumeona. Na alisema kweli, kwa sababu tulipoanza kupanda damu ilitulia zaidi, nami nikapata moyo. Jua lilikuwa kali. Nilitoa kipande cha pili cha doti yangu nikamfunika Yona usoni, nikatembea ubavuni mkono wangu ukiwa ndani ya wake. Njia nzima alinitania kutoka chini ya ile kanga.

"Unaona miti yangu ilivyo na kazi?"

"Nyamaza, Baba Rehema. Tunza pumzi."

"Ningekata ungenibebaje?"

Nilimpenda mtu yule. Sijui namna nyingine ya kulisema. Nilimpenda kwa uvivu wake wa kukata miti na kwa maneno yake yasiyokwisha, na nilipoona mkono wake unapoa na sauti yake inafifia, niliushika kwa nguvu zaidi na kuendelea kumgombeza.

Tulipotokea juu, watu wa Mahuli walikuwa wametuona zamani. Walikuwa wamesimama kando ya njia. Nikaona wanaume wanavua kofia.

Sikuelewa. Nilitegemea wakimbie kuja kupokea, na hakuna aliyekimbia.

Kisha wanawake wakaanza kulia.

Ndipo nikaona tulichokifanya. Miguu mbele, uso umefunikwa. Hakuna mtu wa nchi yetu ambaye angesoma vingine.

"Ni mzima!" nikapiga kelele. "Ni mzima, pokeeni!"

Wanawake wakanizunguka, wakanikumbatia. "Pole, mwanangu. Pole." Mjane anaposema mumewe ni mzima, nani atamsadiki? Kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyonishika. Amosi na wenzake walikuwa wamebeba tangu korongoni bila kupokewa, pumzi zimewaishia, wakitikisa vichwa tu. Wanaume wakakipokea kitanda taratibu, kwa heshima zote, wakakitua chini kivulini. Mmoja akaleta maji kwa wabebaji. Mwingine akauliza marehemu ni wa ukoo gani.

Walikuwa wanafanya kila kitu sawasawa. Ndilo lililonitia wazimu.

Bibi Tabitha, mkubwa kuliko wote pale, mwanamke aliyezika watu wengi, akasogea kichwani mwa kitanda aanzishe wimbo wa maombolezo. Akafungua mdomo. Na kutoka chini ya kanga ikatoka sauti ndogo, ya mtu aliyefunzwa adabu na mama yake.

"Shikamoo, bibi."

Bibi Tabitha akafunga mdomo.

"Marahaba, mwanangu," akajibu, maana salamu haiachwi hewani. Kisha akawageukia wanaume. "Maiti gani huyu anaamkia? Nyanyueni, wapumbavu ninyi! Kimbieni!"

Watu walicheka. Na mimi nilicheka, machozi yananitoka, na Amosi akacheka akiwa amekaa chini na bakuli la maji mkononi. Wakakigeuza kitanda, kichwa kikatangulia, nikaitoa ile kanga usoni kwake, na sijaona tena watu wakikimbia vile. Walikuwa wakipiga kelele mbele njia nzima: "Mzima! Mzima!"

Alifika akiwa hai. Walimtundikia dripu, akazungumza nami, akauliza kama Rehema amekula. Kesho yake homa ikapanda, akaanza kuniita kwa jina la mama yake. Alifariki kabla jua halijazama.

Nilimuuliza daktari kuhusu ule muda uliopotea Mahuli. Alisema damu nyingi ilibaki korongoni, na kwamba ameona watu waliofika mapema wakafa na waliochelewa wakapona. Amosi amelibeba jambo hilo kwa miaka mingi. Kila mwaka msimu wa kuchimba visima alikuja kukaa uani kwangu, nami nikampa uji. Nimewahi kuukasirikia utaratibu wetu. Nimewahi kumkasirikia yeye. Mwishowe niliikasirikia risasi, ambayo ndiyo iliyostahili, na yeye nikamwambia aache kujitafuna, maana ile damu aliizuia kweli. Ng'ombe hawakurudi. Bunduki zilikuja kunyamaza baadaye, sijui kwa nini, na watu wakaanza kuzungumzia mvua tena. Kitanda ninacho mpaka leo. Amosi aliwahi kuja na msumeno, anirahisishie kupita, nikamfukuza.

Lakini ninachokumbuka zaidi ni safari ya kurudi. Tulimrudisha Yona kwenye kitanda chake, na safari hii miguu ilitangulia kwa haki. Habari ilikuwa imeshatutangulia Mahuli. Wanaume walikuwa njiani kofia mikononi, wanawake wamekaa chini, na hakuna aliyelia. Wote walikuwa wanamtazama Bibi Tabitha.

Aliwaashiria wabebaji watue. Akaja mpaka kichwani, akainama juu ya kanga, akangoja. Alingoja kama mtu mzima anavyongoja kuamkiwa na kijana.

"Marahaba, mwanangu," akasema. Kisha akaenda ndani kuwaletea wabebaji maji.