Kiti cha Kasisi Oxtoby Mezani kwa Thirkell

Kasisi Lambert Oxtoby alikuwa na ulimi mwepesi, na London walimpenda kwa ulimi huo. Kisha wakubwa wa kanisa wakachoka kutaniwa, wakampa parokia ya Skelby, kule Yorkshire, ambako mtu wa kuzungumza naye ulimtafuta kwa farasi. Mkewe alifariki majira ya baridi ya kwanza. Kwa miaka kumi na moja akabaki na kanisa lenye unyevu, mtumishi wake Hester, na Jumapili.

Jumapili ndiyo iliyomweka hai. Baada ya ibada, gari la farasi la Bwana Thirkell, mwenye ardhi yote ya pale, lilikuja kumchukua kwenda kula. Huko aliwakuta watu sita saba waliosoma, na kazi yake ilikuwa kuwavunja mbavu. Akifungua mdomo tu, wameshaanza kucheka. Sisemi alikuwa mnafiki. Alikuwa na njaa ya watu, na njaa hiyo haichagui meza.

Mwaka wa kumi na moja Thirkell alitega bunduki msituni kwa waya, zimfyatukie yeyote atakayekuja kuiba kwale. Ya kwanza ilimpata Amos Wray, kibarua aliyekuwa akiokota kuni. Kasisi ndiye aliyemshika mikono wakati mguu unakatwa. Akarudi nyumbani akaandika kijitabu juu ya bunduki hizo, cha kuchekesha mpaka kinauma, akakichapisha London bila jina. Kuweka jina kungempokonya kile kiti cha Jumapili, naye alilijua hilo vizuri.

Kijitabu kikafika kwa Thirkell. Jumapili hiyo, wanawake walipokwisha kuondoka mezani na divai kuanza kuzunguka, alikisoma kwa sauti, uso umemwiva. Mwandishi, akasema, hawezi kuwa mwingine ila Jabez Firth, mwalimu wa kijiji, na kesho atamtoa nyumbani yeye na watoto wake.

"Nimeandika mimi," kasisi akasema.

Meza nzima ikaangua kicheko.

"Huyu naye," Thirkell akasema akifuta machozi. "Oxtoby, utatuua siku moja."

Akarudia. Wakacheka zaidi. Miaka kumi na moja alikuwa amewafundisha kucheka kila asemapo, na somo lilikuwa limewakolea. Ikabidi asimame, ausome ukurasa wa mwisho kwa kichwa, neno kwa neno, Thirkell akifuatisha kwa kidole. Katikati ya ukurasa kidole kikasimama.

"Umekula kwangu miaka yote hii," Thirkell akasema polepole.

"Nimekula, na nimenyamaza. Mwalimu umwache."

Mwalimu aliachwa. Kasisi alirudi kwa miguu, maili nne za tope.

Jumapili iliyofuata alijua gari haliji, lakini alivaa koti zuri akakaa dirishani, na alijionea aibu. Chakula kilipowekwa akamwambia Hester alete sahani ya pili, aketi wale pamoja.

"Haifai, bwana."

"Nakuomba, Hester."

"Watu watasemaje, bwana? Nitasimama hapa hapa, ukitaka kitu uniambie."

Akasimama karibu na mlango, mikono juu ya aproni. Kasisi akakata nyama. Akaona bora aseme chochote, akamsimulia kichekesho kizuri kuliko vyote alivyowahi kumpa Thirkell. Hester alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Ndiyo, bwana," akasema, kisha akauliza kama aongeze viazi.