Ushanga wa Buluu Majivuni

Nikinusa mafuta ya taa, namwona dada yangu akipuliza moto kwa mrija, kioo cha chupa kuukuu ya dawa kikilainika kwenye waya kama asali ya buluu. Siku ile nilikuwa nikicheka kwa furaha.

“Yaya, ushanga hii ni ya nani?” nilimuuliza dada.

“Ni yako. Lakini hapana gusa!” Aliufukia ushanga kwenye majivu ya moto. “Ikipoa mbio, itapasuka. Ngoja kesho, mutoto ya haraka.”

Alishika kioo kingine. Risasi zikalia, mtu mwenye panga akavunja mlango. Dada akamchoma usoni kwa kioo kilichoyeyuka.

“Kimbia!”

Nilijificha kwenye mikakao ya mji wetu wa Oicha. Kesho yake nilirudi na majirani, tukamzika dada.

Kisha nikafukua majivu. Ushanga haukuwa na ufa hata mmoja.